Nani Alimnyang'anya Tarzan Kitabu?

Kila studio inapotangaza filamu mpya ya mhusika anayependwa, ugomvi ni uleule. Wapo wanaotaka kila kitu kibaki kama kilivyoandikwa, hadi rangi ya nywele, na wapo wanaosema sinema ni sanaa nyingine, ifanye itakavyo. Pande zote mbili huzungumza kana kwamba uaminifu hupimwa kwa kibaba: filamu hii imejaza, ile imefika nusu. Historia ya Tarzan, ambaye amekuwa kwenye skrini tangu 1918, inaonyesha kwamba kibaba hicho hakipimi kitu. Watengenezaji wake wengi walikuwa waaminifu kwake, tena sana, ila walichagua kuwa waaminifu kwa yale mepesi. Yaliyomfanya awe mtu waliyaacha, na ubaya wa kitabu uliostahili kuachwa wakautunza kwa miongo mingi. Kabla ya kuuliza filamu imekuwa aminifu kiasi gani, nadai, tuulize imekuwa aminifu kwa lipi.

Chicago, 1911 hadi 1914

Edgar Rice Burroughs alikuwa na miaka 36 alipoanza kuandika hadithi hii mwezi Desemba 1911. Alikuwa amejaribu kazi nyingi na kushindwa karibu zote. Moja ya kazi hizo ilikuwa kusimamia wauzaji wa vichongeo vya penseli. Jarida la All-Story lilimlipa dola 700, likaichapa hadithi yote katika toleo la Oktoba 1912, na mwaka 1914 kampuni ya A. C. McClurg ikaitoa kama kitabu kwa jina la Tarzan of the Apes. Afrika hakuwa ameikanyaga, wala hakuikanyaga hadi alipofariki mwaka 1950. Katika toleo la jarida aliweka chui milia kwenye msitu wa Afrika, mnyama ambaye kwao ni Asia. Wasomaji wakamkosoa, na kitabu kilipotoka, yule chui milia, Sabor, alikuwa amegeuzwa simba jike. Inafaa kulikumbuka hilo. Malalamiko ya kwanza ya mashabiki wa Tarzan hayakumhusu Tarzan mwenyewe. Yalihusu bara alilowekwa, na mwandishi aliyasikiliza.

Kilichoiuza hadithi ni misuli na mapigano, lakini moyo wake uko katika sura ya sita na ya saba. Mvulana wa miaka kumi hivi, aliyelelewa na sokwe jike aitwaye Kala, anafanikiwa kufungua mlango wa kibanda kilichojengwa karibu na ufukwe na wazazi wake waliokufa. Hajui kuwa walikuwa wazazi wake. Ndani anakuta vitabu vya watoto vyenye picha. Anajaribu kuzibandua picha kwa vidole, hazibanduki. Chini yake kuna alama nyeusi ambazo yeye anaziona kama wadudu wadogo. Polepole, kwa miaka, anang'amua kuwa wadudu fulani, kwa mpangilio uleule, hurudi kila palipo na picha ya mvulana, na wengine hurudi kila palipo na picha ya mnyama fulani. Bila mwalimu, na bila kusikia hata neno moja la Kiingereza, anajifunza kukisoma na kukiandika. Matokeo yake yana raha ya pekee. Wageni wanaposhuka ufukweni wanakuta mlangoni karatasi ya onyo, imeandikwa Kiingereza na kutiwa sahihi ya Tarzan. Mtu wa porini anayewaokoa na simba hawezi kuwajibu neno, nao hawashuku kwamba ndiye mwandishi. Baadaye ofisa wa Kifaransa, d'Arnot, akiwa majeruhi msituni, anazungumza naye kwa penseli juu ya kipande cha gome la mti, kisha anamfundisha kusema Kifaransa. Kuna kipindi, basi, Tarzan anaandika Kiingereza na kusema Kifaransa, na lugha aliyonyonya kwa mama ni ya masokwe. Mhusika ni huyo: mtu aliyejisomesha mwenyewe, na ambaye hana mahali pamoja pa kuita kwao.

Kitabu kina mambo mengine mawili ambayo bila hayo historia ya filamu haieleweki. La kwanza ni Kongo. Baba yake Tarzan, lodi John Clayton, anatumwa Afrika na serikali ya Uingereza mwaka 1888 kuchunguza jinsi dola moja ya Ulaya inavyowachukua raia weusi wa koloni la Kiingereza na kuwatia jeshini, jeshi ambalo kazi yake ni kukusanya mpira na pembe za ndovu kwa nguvu kando ya mito ya Kongo na Aruwimi. Watu wa Mbonga, majirani wa Tarzan, wamehamia karibu na pwani kwa sababu askari wa wazungu waliwatesa kwa ajili ya mpira na pembe hizohizo. Burroughs hakuyaota hayo. Ripoti ya Roger Casement kuhusu ukatili wa Kongo ilitoka mwaka 1904, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alilazimika kuiachia nchi hiyo mwaka 1908, na kampeni dhidi yake ilisikika sana Marekani. La pili ni ubaguzi wa rangi, nao haujifichi. Mwandishi anayewaonea huruma watu wa Mbonga ukurasa mmoja, ukurasa unaofuata anawafanya walaji watu na waoga wa mizimu, huku akimhakikishia msomaji kwamba damu ya ukoo wa kilodi itajitokeza tu hata ndani ya msitu. Katika sura ya tisa, Kulonga, mtoto wa Mbonga, akiwa mawindoni anamuua Kala kwa mshale wa sumu. Tarzan anamfuata kimyakimya, anamnasa kwa kamba, anamchoma kisu. Uchungu wa Tarzan kwa mama yake umeelezwa vizuri mno. Wa Mbonga kwa mtoto wake haukupewa nafasi.

Mtu akisema anataka filamu aminifu ya Tarzan, basi, anasema nini hasa? Anataka kibanda chenye vitabu, au Kongo, au Kulonga anayekufa bila kuliliwa? Vyote vimo ndani ya jalada moja.

Louisiana, 1918

Filamu ya kwanza ilipigwa Morgan City, jimbo la Louisiana, Elmo Lincoln akiwa Tarzan. Ikitazamwa kwa kibaba cha kawaida, ni aminifu kuliko nyingi zilizoifuata: inaanza na wazazi, inamwonyesha mtoto, inafuata nusu ya kwanza ya kitabu kwa mpangilio wake, na nusu iliyobaki ikatengenezewa filamu ya pili mwaka huohuo. Burroughs mwenyewe hakumpenda Lincoln, ambaye alikuwa mnene wa kifua kuliko Tarzan aliyemchora kwa maneno. Lakini badiliko kubwa halikuwa la kifua. Watengenezaji walimwingiza baharia aitwaye Binns, ambaye anaangukia mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa, anatoroka baada ya miaka kumi, anamkuta mvulana msituni na kumfundisha kusoma.

Sababu yake inaeleweka. Filamu ilikuwa bubu, na mtu anayejifunza herufi peke yake hana cha kufanya mbele ya kamera zaidi ya kukaa na kutazama karatasi. Mwalimu na mwanafunzi angalau ni watu wawili wanaotazamana. Hii ndiyo hoja ya kwanza ya wanaoitetea sinema, nayo ina uzito: kuna mambo ambayo wino huyaweza na picha haiyawezi. Hata hivyo angalia kilichotokea. Sifa moja iliyomtofautisha Tarzan na mashujaa wote wa majarida ya bei rahisi, kwamba alijifundisha, ikapewa baharia mpitanjia.  

Hollywood, 1931 hadi 1948

Studio ya MGM ilipokuja kwa Burroughs mwaka 1931 ilinunua haki ya kumtumia mhusika, na hadithi ikajitungia yenyewe. Tarzan the Ape Man ya 1932 haina kibanda, haina wazazi, haina d'Arnot wala vitabu. Jane Porter, Mmarekani wa Baltimore, akawa Jane Parker, Mwingereza. Tarzan akawa Johnny Weissmuller, muogeleaji mwenye medali tano za dhahabu za Olimpiki, tatu za Paris 1924 na mbili za Amsterdam 1928, ambaye hakuwa na uzoefu wa maana wa kuigiza na hakuhitaji kuwa nao kwa sababu hakupewa cha kusema. Ile sentensi maarufu ambayo watu wote humkariri nayo, ya yeye kujitaja na kumtaja Jane, haimo hata ndani ya filamu. Kilichomo ni kidole kinachogonga kifua, jina, kidole kingine, jina la pili, tena na tena kwa kasi.

Sitadai kuwa filamu hiyo ni mbaya. Maureen O'Sullivan alikuwa Jane mwenye akili na ucheshi, na matukio ya wawili hao majini yana utulivu ambao Burroughs hakuwahi kuuandika. Ukimya wa Weissmuller uliisaidia: sinema yenye sauti ilikuwa na miaka mitano tu, filamu nyingi zilikuwa zimejaa porojo, na huyu mtu asiyeongea alikuwa pumziko. Kwa hiyo aliyesema kwamba badiliko linaweza kuzaa kitu kizuri hakukosea. Tatizo ni gharama yake, na nani aliilipa.

Mandhari ya Afrika yalitoka kwenye mabaki ya Trader Horn, filamu ambayo mwongozaji huyohuyo, W. S. Van Dyke, alikuwa ameipiga Afrika Mashariki, hadi kwenye maporomoko ya Murchison nchini Uganda. Mutia, jina la jabali la kutisha ambalo wasafiri hulipanda ili kufika kwa Tarzan, ndilo jina la mwigizaji wa Kiafrika wa Trader Horn, Mutia Omoolu. Mtu akawa mwamba. Tembo walikuwa wa Asia waliobandikwa masikio ya bandia ili wafanane na wa huku. Mbilikimo walikuwa wazungu wafupi waliopakwa rangi nyeusi. Na kwa kuwa Tarzan hakuwa tena na lugha, studio ilimtungia neno, "umgawa", ambalo lilitosha kumwambia tembo njoo, nenda, simama au bomoa. Burroughs naye hakuwa mtaalamu wa lugha zetu. Katika vitabu vyake wapiganaji waaminifu wa Tarzan huitwa Waziri, na msomaji wa Kiswahili hawezi kujizuia kucheka akikutana na kabila zima la mawaziri. Lakini kuokota neno vibaya ni tofauti na kusema maneno hayapo. Shujaa wa kitabu alikusanya lugha kama mtu anayekusanya shanga. Shujaa wa filamu alikaa katika bara ambalo neno moja lilitosha kila kitu, na mtazamaji wa Ohio aliondoka akiamini ndivyo lilivyo.

Mwandishi alijibu kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kejeli. Katika Tarzan and the Lion Man, iliyotoka kitabu mwaka 1934, kikundi cha sinema kinakwenda Afrika kupiga filamu, na mwishoni Tarzan halisi anafika Hollywood na kuomba kazi ya kuigiza Tarzan. Wanamkataa, hafanani na Tarzan. Njia ya pili ilikuwa fedha: mwaka 1934 alishiriki kuanzisha kampuni yake ya filamu, ikaenda kupiga The New Adventures of Tarzan huko Guatemala, Herman Brix akiwa Tarzan msomi anayezungumza kama mtu mwingine yeyote. Ilitoka 1935 na haikuvuma.

Hapa watetezi wa soko huona ushindi wao. Watazamaji walipewa Tarzan wawili, wanasema, wakamchagua bubu. Ingekuwa hoja nzito kama uchaguzi ungekuwa wa haki. MGM ilikuwa mali ya Loew's, wenye majumba yao ya sinema katika miji mikubwa. Filamu ya Guatemala ilitengenezwa kwa shida na kusambazwa kwa tabu. Anayeshindana mbio na mwenye uwanja asishangae akikuta mageti yamefungwa. Wala Burroughs hakuwa yatima wa kuonewa huruma. Alikuwa amejigeuza kampuni tangu 1923, kitongoji kilichoota kwenye shamba lake karibu na Los Angeles kinaitwa Tarzana hadi leo, na jina la mhusika aliliuza kwa kila aliyefika na hundi. Aliyeuza jina bila hadithi asingeweza kushangaa jina liliporudi peke yake.

Miaka iliyofuata inaweza kupitiwa haraka. Sheria za maadili za Hollywood zilipokazwa mwaka 1934, vazi la Jane likarefuka. Sokwe mtu wa filamu akapewa jina la Cheeta, jina la duma, na hakuna aliyejali. Mwaka 1943 Tarzan alipigana na Wanazi. Weissmuller alitoka mwaka 1948 baada ya filamu 12. Tukio moja tu la kipindi hiki linastahili kuangaliwa kwa kina. Katika Tarzan Finds a Son! ya 1939 O'Sullivan alitaka kuondoka, na hadithi ikapangwa Jane afe. Filamu ilipoonyeshwa kwa majaribio, watazamaji waligoma, na mwisho ukapigwa upya ili Jane apone. Mashabiki walikuwa na nguvu ya kumfufua mtu. Nguvu hiyo waliitumia kumlinda Jane Parker, ambaye hayumo kitabuni. Mtu hulinda mhusika aliyekutana naye kwanza, na kizazi hicho kilikuwa kizazi cha sinema. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mashabiki ndio walinzi wa asili. Mara nyingi wanalinda nakala.

Kenya, 1951 hadi 1959

Kamera ya Tarzan ilifika Afrika kwa kazi ya maana miaka ya 1950. Sehemu za Tarzan's Peril ya 1951 zilipigwa Kenya, na mwaka 1959 ikaja Tarzan's Greatest Adventure, pia yenye mandhari ya Kenya, chini ya mtayarishaji mpya, Sy Weintraub. Weintraub alifanya jambo dogo lenye matokeo makubwa: alimruhusu Tarzan aseme sentensi nzima. Gordon Scott, ambaye katika filamu zake za awali alikuwa akikatakata maneno kama mtangulizi wake, alianza kuongea kama mtu mzima. Jane hayumo. Wabaya ni wazungu wanaotafuta almasi, mmoja wao akiwa kijana wa Scotland aitwaye Sean Connery, miaka mitatu kabla hajawa James Bond. Na mtazamaji alikubali bila kinung'uniko, jambo linaloiacha hoja ya soko bila mguu: watu hawakuwa wanadai Tarzan bubu, walikuwa wamezoeshwa.

Filamu hiyo inafungua kwa tukio ambalo huenda lina maana kuliko waliolipiga walivyokusudia. Wezi hao wazungu wanajipaka rangi nyeusi, wanavamia kituo usiku na kuiba baruti, ili lawama iwaangukie Waafrika. Kenya ilikuwa bado chini ya hali ya hatari iliyotangazwa 1952 kwa sababu ya Mau Mau, na haikuondolewa hadi Januari 1960. Katika nchi ambamo wakati huo maelfu walikuwa wamepitia kambi za vizuizi, sinema ya burudani ilitoa hadithi ya uhalifu wa wazungu waliovaa sura nyeusi. Kisha ikageukia almasi na mto, na Wakenya wakabaki wapita njia katika nchi yao. Akili ya Tarzan ilikuwa imerudi. Watu wa mahali alipo walikuwa bado hawajafika.

Kamerun, 1984

Aliyekirudia kitabu kwa nia kamili alikuwa Hugh Hudson, katika Greystoke ya 1984, Christopher Lambert akiwa Tarzan ambaye filamu, kwa makusudi, inamwita John Clayton tu. Msitu ni wa kweli, wa Kamerun. Masokwe yametengenezwa na Rick Baker kwa ustadi ambao haujachakaa. D'Arnot, akiigizwa na Ian Holm, amerudishiwa nafasi yake: yuko pale, mgonjwa na mwenye subira, anamfundisha kijana neno moja baada ya jingine mbele ya kioo na wembe, na kwa mara ya kwanza skrini inaonyesha kwamba kujifunza lugha ni tukio lenye hatari na furaha kama kupigana na chui. Anayesema mambo ya akili hayapigiki picha aitazame sehemu hiyo. Robert Towne, mwandishi wa kwanza wa skripti, hakuridhika na ilivyobadilishwa, akaweka jina la mbwa wake, P. H. Vazak, na mbwa huyo akateuliwa kuwania Oscar. Ni aibu ya kuchekesha, na wakati huohuo ni ushahidi kwamba uaminifu unaweza kugombewa hata ndani ya nyumba moja.

Lakini uaminifu wa Greystoke una ncha mbili. Inamrudisha Tarzan Uingereza, inaonyesha jumba la babu yake likimbana koo, na katika hilo inakiheshimu kitabu kuliko kitabu kinavyojiheshimu. Upande wa pili, imebeba pia tukio la Kala bila kulipindua: mwindaji mweusi anatokea, mshale unaruka, sokwe mama anakufa, na muuaji ni kivuli. Watengenezaji walioona haja ya kufikiri upya kuhusu ulodi wa Uingereza hawakuona haja hiyo kuhusu kijiji cha Mbonga. Walikuwa waangalifu kwa watu waliowajua.

Burbank, 1999

Disney waliitazama shida hiyo na kuitatua kwa njia ya mkato. Filamu yao ya katuni ya 1999 haina Mwafrika hata mmoja. Kuna masokwe, tembo, wazungu na meli. Watu wenye nchi hawapo, kana kwamba hawajazaliwa. Upande wa mhusika, filamu ni bora kuliko sifa zake. Tarzan anateleza kwenye matawi kama kijana juu ya ubao wa magurudumu, na kuna kipindi kizuri ambapo anajifunza ulimwengu kwa picha zinazoangazwa ukutani na kutazama kwa njaa kila kitu kisicho msitu. Ile kiu ya sura ya saba ipo. Kerchak, dume ambalo kitabuni Tarzan analiua, amegeuzwa baba anayekataa kisha anayekubali. Ni badiliko kubwa, na linafaa, kwa sababu linaliuliza swali la kitabu, huyu mtoto ni wa nani, kwa sauti kubwa zaidi. Glenn Close alitoa sauti ya Kala. Yeye huyohuyo aliitoa sauti ya Jane katika Greystoke, juu ya uso wa Andie MacDowell.

Wapo watakaosema: kama kuwaonyesha Waafrika kulivyoandikwa ni matusi, si afadhali wasiwepo? Hoja ina nia njema na inashawishi, hasa kwa filamu ya watoto. Siikubali. Anayechora Afrika ya masokwe wapole na kuwaondoa watu amerudia kosa la Burroughs kwa adabu zaidi. Kitabu kiliwakosea heshima. Angalau kiliwataja majina, na kikaeleza kwa nini walikimbia kutoka Kongo. Kufuta kunaondoa tusi pamoja na ushahidi wa aliyetukanwa. Mtoto aliyeitazama filamu hiyo Mombasa au Kisangani alikuta msitu wa kwao uko tayari, umefagiliwa, unamsubiri mgeni.

Kongo ya studio, 2016

The Legend of Tarzan ya David Yates ilipigwa zaidi katika studio za Leavesden, Uingereza, na picha za angani zikatoka Gabon. Hadithi yake ni ya mwaka 1890 katika Dola Huru ya Kongo ya Leopold. Mbaya wake ni Léon Rom, ofisa wa Kibelgiji aliyeishi kweli. Mwenzake Tarzan, akiigizwa na Samuel L. Jackson, ni George Washington Williams, naye mtu wa historia: Mmarekani mweusi, askari na mwanahistoria, ambaye Julai 1890 aliandika kutoka Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, barua ya wazi kwa Leopold akiorodhesha ukatili wa utawala wake. Wachambuzi kadhaa walisema Kongo imepandikizwa ili filamu ya kikale ionekane na dhamiri. Ukifungua sura ya kwanza ya kitabu unaona kinyume. Mpira, pembe, Aruwimi, vyote vilikuwepo tangu 1912. Sinema ilichukua zaidi ya miaka tisini kuvisoma.

Filamu yenyewe si kazi kubwa. Mwisho wake ni kundi la nyumbu linalobomoa bandari, na bado mzungu ndiye anayewaokoa Wakongo; lawama hiyo ni ya haki, na hakuna kiasi cha Williams kinachoifuta. Lakini ndani yake kuna dakika chache ambazo, kwa swali letu, naziona bora kuliko zote katika miaka karibu mia. Mbonga, akiigizwa na Djimon Hounsou, anamsubiri Tarzan kwa kisasi. Wanapambana, Tarzan anamshinda, na ukweli unatoka: Tarzan alimuua mtoto wa pekee wa Mbonga kwa sababu mtoto huyo alimuua Kala. Tarzan anajitetea kwa mama yake. Mbonga anamjibu kwamba aliyeuawa alikuwa mtoto tu. Uso wa Hounsou umevunjika, na Tarzan hana utetezi.

Tazama kilichofanyika hapo. Hakuna tukio lililobadilishwa. Kulonga alikuwa mtoto wa Mbonga kitabuni, alimuua Kala kitabuni, aliuawa na Tarzan kitabuni. Waandishi hawakuongeza wala kufuta. Waliigeuza kamera ikamtazama aliyebaki. Mashabiki wa kibaba hawawezi kulalamika, maana kila jambo ni la sura ya tisa. Wasiotaka kitabu chenye matusi nao hawana cha kulalamikia, maana tusi limejibiwa na mtu mwenye haki ya kulijibu. Na Tarzan amekuwa mtu mzima kuliko wakati wowote tangu 1912, kwa kuwa amewekwa tena penye swali lake: yeye ni wa nani, na amewakosea nini wale anaowaita wake. Uaminifu ninaoutetea ni wa namna hiyo. Unakishika kitabu kwa nguvu kuliko wanaokariri mavazi, ukikiuliza kile ambacho mwandishi hakuthubutu kukiuliza.

Baada ya hapo

Jina la Tarzan bado ni alama ya biashara ya kampuni aliyoiacha Burroughs. Kwa hadithi hali ni tofauti: kitabu cha 1914 hakina tena ulinzi wa hakimiliki nchini Marekani, na mtu yeyote anaweza kukitumia bila kulipa. Kulonga, mtoto wa Mbonga, yumo humo, katika sura ya tisa, na haki zake hazihitaji kununuliwa.